Mpapai wangu unachanua lakini hauzai: niung'oe?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kibaha, mkoani Pwani. Nimelifupisha kidogo tu:

"Habari za kazi, mtaalamu. Mwaka juzi nilinunua papai sokoni, lilikuwa tamu ajabu, nikahifadhi mbegu zake. Nilipozipanda nikapata mipapai minne nyuma ya nyumba. Mmoja ulikufa wakati wa masika, ulikuwa pale yanapotuama maji ya bafuni. Miwili imebeba, matunda ya duara yamebana shinani. Huu wa nne ndio mrefu kuliko yote, unachanua bila kupumzika, vimaua vinaning'inia kwenye vijiti virefu, lakini vyote vinapukutika. Mama mkwe anasema niupigilie msumari ushtuke. Jirani anasema niukate kichwa. Kijana anayenisaidia bustani anasema ni dume, niung'oe, unakunywa maji ya bure. Nimsikilize nani? Na kubwa zaidi: mbegu za papai moja zimetoaje miti tofauti hivi?"

Dada yangu, kijana wako amepatia nusu. Huo ni mpapai dume, na maelezo yako ya vijiti virefu yanatosha kabisa kunipa uhakika. Lakini kuung'oa, hapana, angalau si sasa. Kama majirani hawana mpapai dume mwingine, basi hayo mapapai ya duara unayojivunia yamepatikana kwa sababu ya mti huo huo unaoulalamikia.

Nakuomba ufanye jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Jioni ya leo, jua likishazama, chukua wembe mpya na sahani nyeupe, uende nyuma ya nyumba. Chuma ua moja kwenye mti usiozaa, na moja kwenye mti unaozaa. Lile la kwanza litakuwa jembamba kama tarumbeta ndogo, na lina harufu nzuri inayozidi giza linavyoingia. Lipasue kwa urefu. Utaona petali tano zilizoshikana chini zikafanya mrija, na pale mrija unapofunguka kuna stameni kumi, yaani viungo vya kiume, zimepangwa kuzunguka mdomo. Ziguse kwa kidole. Unga wa njano utakaobaki kwenye ngozi yako ndio chavua, inayobeba mbegu ya kiume ya mmea. Katikati ya mrija kuna kijiti chembamba kama ncha ya sindano. Hicho ndicho mabaki ya kiungo cha kike. Hakina kitu ndani.

Sasa pasua ua la mti wa pili. Hili ni nene, limekaa peke yake au na mwenzake mmoja wawili, kikonyo chake ni kifupi, limejibana kwapani mwa jani. Petali zake tano ni nzito na hazikushikana kuwa mrija. Hakuna stameni hata moja. Katikati kuna kitu utakachokitambua papo hapo bila kuambiwa na mtu: papai dogo, jeupe la kijani, limekwisha kuwa na umbo lake. Hiyo ni ovari. Juu yake kuna matawi matano yaliyochanuka kama tumbawe dogo. Hiyo ni stigma, mahali pa kupokea chavua. Ikate ovari katikati, uitazame kwenye mwanga. Ukuta wake wa ndani umejaa vidoto vyeupe. Kila kidoto ni ovuli, na kila ovuli inaweza kuwa mbegu moja nyeusi.

Ukishaona sahani hiyo, swali la kuzaa limejijibu. Tunda ni ovari iliyokua. Mti wako wa nne hauna ovari ndani ya maua yake, kwa hiyo maua yanapukutika kwa kuwa yamemaliza kazi yao. Hauna ugonjwa wala hauna ukaidi. Kazi yake ilikuwa kutoa chavua, na imeitoa.

Mimea mingi unayoijua imelipanga jambo hili kwa namna nyingine. Mnyanya una vyote viwili ndani ya ua moja. Mboga ya maboga ina maua ya kiume na ya kike kwenye mti mmoja, ndiyo maana mtu huona maua mengi na maboga machache. Mhindi nao umeweka uume kileleni, kwenye mbelewele, na uke ubavuni, kwenye gunzi. Mpapai na mtende ndio waliotenganisha nyumba: mti huu mume, mti ule mke. Ndugu zetu wa Oman hawashangai hili hata kidogo, kwani kila msimu mkulima wa mitende hupanda juu na kipande cha ua la dume akakipachika kwenye maua ya jike kwa mkono wake, maana akiuachia upepo hapati tende za kutosha.

Kwako kazi hiyo hufanywa usiku na nondo. Nasema wale nondo wakubwa wanaosimama hewani mbele ya ua kama ndege chozi, huku mrija mrefu wa mdomo ukizama ndani. Ua la kiume lina nekta, yaani maji matamu ya ua, naye nondo hufuata hiyo. Ua la kike halina nekta ya kumpa. Linafanana tu na la kiume kwa weupe na kwa harufu, basi nondo analijia kwa kukosea, anagusa tumbawe lile dogo, chavua aliyoibeba inabaki pale, anaondoka bila kitu. Papai zima unalokula limetokana na kosa hilo la dakika moja. Watafiti waliofanya kazi Bonde la Kerio nchini Kenya, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009, walikuta kwamba mipapai iliyo karibu na uoto wa asili hutembelewa zaidi na nondo hawa kuliko iliyo mbali nao. Kwa hiyo kama nyuma ya ua wako bado kuna kichaka, kiache. Viwavi wa nondo hawa wanahitaji mimea ya kula kabla hawajaota mabawa.

Chembe ya chavua ikishatua kwenye stigma, inaota. Nimechagua neno hilo kwa makusudi. Inatoa mrija mwembamba unaopenya kushuka hadi ndani ya ovari, ukaitafuta ovuli moja, na ndani ya mrija huo ndimo mbegu ya kiume inamopita. Ovuli iliyofikiwa inageuka kuwa mbegu, na ovari nzima inaanza kunenepa. Ovuli nyingine hufikiwa na chembe nyingine, zenye mrija wao.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako kubwa. Ulidhani mbegu za papai moja ni kitu kimoja kilichogawanywa. La. Ni watoto mamia wa mama mmoja waliolelewa chumba kimoja, na kila mmoja ametungwa kwa chembe yake ya chavua. Ukitaka kuliona hili kwa macho, menya hindi bichi. Kila uzi wa ndevu umeshikana na punje moja, na chavua hupita kwenye uzi huo. Uzi ambao haukupata chavua unaacha pengo kwenye gunzi. Punje mia tano zina nyuzi mia tano, na kila punje ilipata chavua yake.

Linganisha na muhogo. Unakata pingili za shina unazifukia, na muhogo unaoota ni ule ule, mtamu kwa mtamu, mchungu kwa mchungu. Mgomba nao hutoa machipukizi pembeni kutoka kwenye tunguu lililo chini ya ardhi, ukihamisha chipukizi umehamisha mgomba ule ule. Huko hakuna baba, hakuna kuchanganya damu. Watu wa Bukoba na wa Kilimanjaro wamerithishana migomba kwa namna hiyo kizazi hadi kizazi bila ndizi kubadilika jina. Anayepanda mbegu, kwa upande mwingine, anapanda mtoto, na mtoto hana mkataba wa kufanana na mama.

Sasa kwa nini dume hasa? Mpapai una kromosomu 18 (vijiuzi vinavyobeba urithi) katika kila seli, yaani jozi 9, na jozi moja, ambayo kromosomu zake huitwa X na Y, ndiyo inayoamua jinsi. Mpapai jike umebeba X mbili. Mpapai dume umebeba X na Y. Halafu kuna wa tatu ambao bado sijautaja: mpapai wa jinsi mbili, ambao umebeba X na Y ya aina nyingine kidogo. Maua yake yana stameni na ovari pamoja, hujichavusha wenyewe, na matunda yake huwa marefu badala ya duara. Mapapai marefu yanayopangwa vizuri kwenye makasha ya wauzaji, mengi yametoka kwenye mipapai ya aina hiyo. Mbegu maarufu ya Solo, iliyopelekwa Hawaii kutoka Barbados mwaka 1911, ilipendwa kwa sababu hiyo pia: mti wa jinsi mbili hauhitaji mume shambani.

Jike likichavushwa na dume, nusu ya watoto huwa majike na nusu madume. Mti wa jinsi mbili ukijichavusha, theluthi mbili ya watoto huwa wa jinsi mbili na theluthi moja majike, wala hapatoki dume hata mmoja. Hesabu ilitakiwa iwe robo tatu, lakini mbegu iliyorithi Y pande zote mbili hufa mapema, haifiki kuota. Kwa kuwa wewe umepata dume, najua kitu kimoja kuhusu papai lile tamu la sokoni: huko lilikotoka, chavua iliyoingia kwenye mbegu uliyoipanda ilitoka kwa mpapai dume. Utamu ulionja ni wa nyama ya tunda, na nyama ni mwili wa mama peke yake. Baba hakuonekana kwenye sahani yako. Alikuwa ndani ya mbegu.

Tuje kwa mama mkwe na msumari wake. Usimbishie kwa ukali, maana analolisema ameliona. Mpapai dume kwa kweli hubadilika mara moja moja. Majira yanapogeuka, maua machache ya mwisho wa kijiti yanaweza kutoka yakiwa na ovari, na ghafla unaona papai moja mawili yakining'inia kwenye kamba ndefu, mbali na shina. Wazee wa pwani wameliona hilo tangu zamani. Sasa mtu aliyepigilia msumari mwezi uliopita, akiona papai lile, ataupa msumari sifa. Lakini mti usiopigiliwa nao hufanya hivyo hivyo, na mapapai yenyewe huwa machache, hayawezi kukulisha. Mpapai jike ndio usiobadilika.

Msumari una madhara yake. Utomvu mweupe unaotoka ukikwaruza mpapai ni ulinzi wa mti dhidi ya wadudu. Una kimeng'enya cha papaini, kile kile kinacholainisha nyama ya mishikaki ukiisugua na papai bichi. Lakini ulinzi huo unatosha kwa mkwaruzo, hautoshi kwa tundu lililotobolewa hadi ndani, kwa kuwa ndani ya shina la mpapai hakuna mbao. Ukilikata shina lililokomaa utakuta uwazi katikati, na ukuta wa nyama laini yenye maji. Kinachousimamisha mpapai wa mita tano ni nyuzi ngumu zilizojipanga karibu na ganda, pamoja na maji yaliyojaa kwenye seli. Ukitoboa, mvua inaingia, ukungu unafuata, shina linaoza.

Ushauri wa jirani, wa kukata kichwa, una maelezo yake pia. Mpapai hukua kwa ncha moja tu. Pale juu kabisa, katikati ya majani machanga, kuna kitufe kidogo cha seli zinazogawanyika bila kuchoka, na kila baada ya siku chache kinaweka jani jipya upande wake. Kadiri kitufe hicho kinavyofanya kazi, vichipukizi vya kwenye shina hulala. Ukikata kichwa, vinaamka, na mpapai unatoa matawi mawili, matatu. Ni njia nzuri kwa mpapai jike uliorefuka hadi huwezi kuchuma. Lakini matawi ya dume yatakuwa dume. Seli za tawi jipya zina X na Y zile zile.

Naomba nikae kidogo hapa kwenye shina, kwa sababu wengi wanapita mbele ya mpapai kila siku bila kuusoma. Zile alama kama nyayo zilizopangwa kuanzia chini hadi juu ni makovu ya majani. Kila kovu palikuwa na jani lenye kikonyo kirefu chenye tundu (ule mrija ambao sote tuliupiga kama filimbi utotoni), na kwapani mwa kila jani palikuwa na nafasi ya ua. Jani na ua ni jirani. Jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kuipeleka kwenye tunda lililo karibu yake. Ndiyo maana mtu anayekata majani mabichi ya mpapai ili "jua lifike kwenye matunda" anapata mapapai yasiyo na utamu. Acha jani linyauke na kudondoka lenyewe.

Sasa nenda kwenye miti yako miwili inayozaa, uisome kutoka chini kwenda juu. Ukikuta sehemu yenye makovu lakini haina tunda wala kikonyo kilichokauka, pale mti ulipita kipindi kigumu: kiangazi, njaa ya mbolea, au nondo hawakuja. Papai huchukua miezi mitano au sita tangu kuchavushwa hadi kukomaa, kwa hiyo pengo unaloliona leo katikati ya matunda makubwa linasimulia mwezi ambao pengine umeshausahau. Nimewahi kusimama na mkulima shambani kwake, akawa analaumu mbegu, tukahesabu makovu kurudi nyuma tukafika kwenye wiki pampu ya maji ilipoharibika.

Mti uliokufa sitauzungumzia sana. Mpapai una mzizi mkuu unaoshuka na mizizi midogo mingi inayotambaa karibu na uso wa ardhi, nayo yote inahitaji hewa. Maji yakituama siku mbili tu, mizizi inakosa pumzi na kuoza. Pale panapotuama maji ya bafuni panda mgomba, utakushukuru.

Kwa hiyo fanya hivi. Acha dume lisimame maadamu majike mawili yanazaa. Dume mmoja anatosha majike kumi hivi, kwa hiyo hapo ulipo una mume wa ziada kwa majirani. Kama unataka kumwondoa, tembea kwanza mtaani jioni uhakikishe kuna mpapai mwingine wenye vijiti vinavyoning'inia, au wa jinsi mbili. Ukikata bila kuwa na mbadala, maua ya majike yataanza kudondoka, au yatatoa vipapai vidogo visivyo na mbegu.

Kwa kupanda upya, usitumie mbegu za hayo mapapai yako ya duara, maana baba yake ni huyu huyu na nusu watatoka madume. Tafuta papai refu kutoka kwa mkulima mwenye mipapai ya jinsi mbili pekee. Chukua mbegu nyeusi zilizokomaa, uzisugue na majivu au mchanga hadi ule utando wa utelezi utoke, kwa sababu utando huo huizuia mbegu kuota. Zioshe, zianike kivulini, kisha zipande kwenye kitalu. Baada ya wiki mbili au tatu utaona mzizi umetangulia kushuka, kisha shina limeinua majani mawili ya kwanza, ambayo hayafanani na majani ya mpapai. Hayo yalikuwa ndani ya mbegu tangu mwanzo.

Watakuja watu wa kukwambia wanajua jinsi kwa kuangalia mche: mzizi ulionyooka dume, uliogawanyika jike, mbegu inayoelea, mbegu inayozama. Usiwape hela. Kwa macho, mpapai haujulikani hadi uchanue. Wakulima wazoefu wanapanda miche mitatu kwenye shimo moja, wanasubiri miezi mitano au sita, kisha wanabakiza mmoja. Kwa mbegu ya mti wa jinsi mbili uliojichavusha, nafasi ya kukosa mche wa jinsi mbili kabisa katika shimo ni moja kati ya 27. Ua la kwanza likitokea, usikisie kwa kutazama umbo la mti. Rudi na wembe na ile sahani nyeupe, ulipasue, utafute vitu viwili: unga wa njano, na papai dogo lenye vidoto vyeupe. Mche utakaokuonyesha vyote viwili ndani ya ua moja, huo ndio wa kubakiza.